Kabla Hujawasha Gari Kwenda Kwenye Theluji: Watu Wasiotajwa Walioandika Orodha Yako ya Safari

Ni Januari, London, saa tatu usiku. Watoto wameshalala. Baba na mama wamekaa mezani jikoni. Mbele yao kuna kompyuta, ramani ya karatasi, chai iliyopoa na karatasi moja yenye orodha. Mwezi wa pili shule zikifunga kwa wiki moja wanataka kupakia gari, wavuke bahari, waikate Ufaransa kuanzia kaskazini mpaka kwenye milima ya Alps, wapenye chini ya Mont Blanc na kutokea Italia, mji wa Courmayeur, wakale bata kwenye theluji. Kutoka Calais, pale unapokanyaga Ufaransa, mpaka Courmayeur ni kama kilomita 900. Hapo hujahesabu kipande cha Uingereza.

Familia za namna hii ni nyingi, kwa hiyo jina lao halina shida. Shida ni kwamba hawajaelewana. Baba anataka waondoke Ijumaa jioni, waendeshe usiku kucha, Jumamosi asubuhi wawe wanakunywa kahawa Italia. Mama anataka walale njiani. Tena mama ana jambo lingine ambalo bado hajalisema kwa sauti: lile handaki la Mont Blanc hulitaki, usimwambie.

Orodha yao ina mistari saba. Ukiitazama haraka haraka unaona mambo ya kawaida tu, pasipoti, minyororo ya matairi, pesa za barabara. Lakini mdau, orodha hiyo ni kitabu cha historia. Kila mstari upo kwa sababu kuna mtu alikwama, au alikosa usingizi, au alikufa. Wengi wao wanaopita njia hiyo leo hawawajui hata kwa jina. Fuata mstari mmoja mmoja.

Mstari wa 1: Hoteli

Zamani hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekwenda Alps wakati wa baridi kustarehe. Wageni walikuja kiangazi, baridi ikianza wanafunga mizigo, hoteli zinafungwa, wenyeji wanabaki na ng'ombe wao na theluji yao.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1864, kule St. Moritz, Uswisi, mwenye hoteli mmoja aliwawekea dau wageni wake Waingereza. Aliwaambia warudi wakati wa Krismasi, wataona jua linawaka mpaka mtu anakaa nje bila koti. Wakiona amewadanganya, nauli yao atalipa yeye. Jamaa wakaenda. Na hawakuondoka mpaka Pasaka. Likizo ya baridi kama inavyojulikana leo ilianza kushika kasi baada ya hapo.

Mbao za kutelezea, yaani skii, zilitoka mbali zaidi, Norway. Watu wa kaskazini walizitumia maelfu ya miaka kama usafiri tu. Aliyezifanya ziwe mchezo wa kupendeza ni fundi mmoja maskini wa Telemark, katikati ya karne ya 19. Alifunga kisigino chake kwenye mbao kwa mizizi iliyosokotwa, akaweza kuruka na kukata kona bila viatu kuchomoka. Umaskini ulimfanya ahamie Marekani mwaka 1884. Akafia huko North Dakota mwaka 1897, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe la jina. Mchezo ambao leo unaingiza mabilioni, aliyeupa mwendo alizikwa kimya kimya.

Mwaka 1894 akatokea mwandishi mmoja wa Uingereza, yule wa hadithi za mpelelezi mwenye kiko. Mke wake alikuwa na kifua kikuu, wakahamia Davos kwa ajili ya hewa ya mlimani. Jamaa akaagiza mbao, akaanguka weee mpaka akazoea, kisha akavuka mlima kwenda Arosa na wenyeji wawili. Akaandika makala gazetini kwamba siku itafika Waingereza watakwenda Uswisi kwa mamia kwa ajili ya skii tu. Utabiri wake ulikuwa mdogo mno.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1924 Chamonix, Ufaransa, wakafanya michezo iliyokuja kuhesabiwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Mwaka 1934 mhandisi mmoja Mswisi akafunga Davos kamba inayozunguka kwa mashine na kumvuta mtu juu mlimani. Kabla yake ulitembea saa nzima kupanda ili uteleze dakika tano. Baada yake hata mtoto na mama mtu mzima wakaweza. Ndiyo maana leo familia nzima inakwenda, na ndiyo maana hoteli inajaa mapema.

Mstari wa 2: Tarehe

Hapa ndipo baba na mama walipoanza kutazamana vibaya.

Kwa nini wasiende wiki nyingine ambayo bei iko chini? Kwa sababu ukimtoa mtoto shuleni Uingereza katikati ya muhula bila ruhusa unapigwa faini. Siku hizi ni pauni 80 kwa kila mzazi, kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa inakuwa 160. Kwa hiyo wote wanasubiri wiki ile ile ya Februari.

Na Wafaransa nao wana likizo yao ya Februari. Serikali yao ililiona tatizo hilo mapema. Tangu miaka ya 1970 likizo ya baridi imegawanywa kwa kanda, ili nchi nzima isiingie barabarani siku moja. Leo kanda ni tatu, A, B na C, na zinapishana kwa wiki. Mtu anayepanga safari na hajaangalia kanda ipi imefunga lini anajitafutia foleni mwenyewe.

Foleni ya Ufaransa ina historia yake. Tarehe 2 Agosti 1975, wakati wa likizo ya kiangazi, barabara za nchi hiyo zilijaa foleni ambazo ukiziunganisha zilifika kilomita 600. Watoto wanalia, maji yameisha, injini zinachemka. Mwaka uliofuata, 1976, serikali ikaanzisha huduma ya kuwaambia madereva siku zipi wasiondoke na njia zipi za pembeni wapite. Wakaipa jina la Bison Futé, yaani nyati mjanja. Mpaka leo inatoa kalenda ya rangi: kijani safari ni kawaida, chungwa ni ngumu, nyekundu ni ngumu sana, nyeusi usithubutu.

Sasa Jumamosi za Februari kwenye barabara za Alps, rangi unaijua. Sababu ni kwamba nyumba nyingi za milimani hupangishwa Jumamosi mpaka Jumamosi. Anayetoka anatoka siku hiyo, anayeingia anaingia siku hiyo, wanakutana kwenye bonde moja lenye barabara moja. Baba ndiyo anataka kuiwahi hiyo Jumamosi asubuhi. Mama ameishaifungua kalenda ya nyati na kumgeuzia kompyuta. Hakusema kitu.

Mstari wa 3: Kuvuka bahari

Kati ya Uingereza na Ufaransa kuna mkono wa bahari ambao ni mwembamba, pale Dover unaona upande wa pili siku ya jua. Lakini kuuvuka na gari ilikuwa kazi.

Miaka ya 1920 ukitaka kupeleka gari lako Ufaransa lilinyanyuliwa kwa winchi kama gunia, likawekwa melini, na bei yake ilikuwa ya kukimbiza mtu. Mwaka 1928 kapteni mmoja aliyestaafu jeshi aliona bei hiyo akakasirika. Akakodi meli ya kubeba makaa ya mawe, akaanza kuvusha magari ya watu kwa bei nafuu. Winchi iliendelea kutumika, lakini mtu wa kawaida mwenye gari alianza kuhesabika. Mwaka 1953 Dover ikafungua kituo ambacho gari linaingia melini kwa magurudumu yake lenyewe.

Urahisi huo ulikuja na hatari yake. Tarehe 6 Machi 1987 feri moja iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kurudi Dover huku milango ya mbele ya magari ikiwa wazi. Aliyetakiwa kuifunga alikuwa amelala. Nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha kama mlango umefungwa au la. Taa hiyo manahodha walikuwa wameiomba kabla, hawakupewa. Maji yakaingia, meli ikalala ubavu ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Leo taa hizo ni lazima. Ukiwa kwenye feri unakunywa soda yako, kumbuka kwamba taa ndogo kwenye chumba cha nahodha iligharimu kiasi gani.

Njia nyingine ni kupita chini. Wazo hilo ni la zamani sana. Mwaka 1802 mhandisi mmoja Mfaransa alichora handaki la kupita mikokoteni ya farasi kwa mwanga wa taa za mafuta. Miaka ya 1880 walianza kuchimba kweli, kisha Uingereza ikasimamisha kazi kwa hofu kwamba jeshi la adui litapita humo. Uchimbaji wa handaki linalotumika leo ulianza mwaka 1988. Tarehe 1 Desemba 1990 wachimbaji wawili, Mwingereza na Mfaransa, walipeana mikono kupitia tundu chini ya bahari. Yule Mwingereza alipatikana kwa kupigiwa kura miongoni mwa wafanyakazi wenzake. Yaani ilikuwa bahati nasibu tu, kijana wa kazi akaingia kwenye picha ambayo wakubwa wote waliitamani. Wenzao 10 hawakuiona siku ya ufunguzi, Mei 1994, kwa sababu walikufa kazini.

Familia ya London ilichagua kupita chini. Gari linaingia ndani ya treni, na dakika 35 baadaye uko Ufaransa. Hapo hawakubishana.

Mstari wa 4: Pasipoti

Mstari huu una kisa ambacho wengi hawakijui, na kinahusu njia hii hii wanayopita.

Februari 1984 maofisa wa forodha wa Italia walikuwa kwenye mgomo baridi. Wanafanya kazi, lakini kwa mwendo wa kinyonga, karatasi moja inakaguliwa kama mtihani wa taifa. Malori yakajipanga kwenye barabara za milimani kuelekea handaki la Mont Blanc. Madereva wakalala kwenye baridi, mizigo ikaharibika, pesa ikapotea. Mwisho uvumilivu ukaisha. Madereva wa Kifaransa wakafunga barabara kwa malori yao, kuanzia kule Alps, na moto ukasambaa nchi nzima. Na ilikuwa wakati gani? Wakati wa likizo ya theluji. Familia zilizokuwa na mbao zao kwenye keria zikajikuta katikati ya ugomvi usiowahusu.

Viongozi wakashtuka. Julai mwaka huo huo Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikasaini mkataba huko Saarbrücken wa kupunguza ukaguzi mpakani mwao. Juni 1985 nchi tano zikasaini mkubwa zaidi, kwenye meli iliyotia nanga mtoni katika kijiji kidogo cha Luxembourg kiitwacho Schengen. Ukaguzi ukaanza kuondolewa mwaka 1995, na Italia ikaingia rasmi mwaka 1997. Kwa hiyo mtu anayesikia Schengen anafikiria marais na suti, wakati walioisukuma ni madereva wa malori wenye njaa, wamekaa barabarani kwenye theluji. Hakuna sanamu yao pale mpakani.

Uingereza haikuingia Schengen, na tangu ilipotoka Umoja wa Ulaya masharti yameongezeka. Pasipoti ya Mwingereza anayeingia huko isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita, na iwe imebaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Gari nalo linabandikwa herufi UK badala ya GB tangu Septemba 2021. Mama aliangalia pasipoti nne. Moja, ya mtoto mdogo, ilibakiza wiki sita. Kama wasingekaa mezani usiku ule, safari yote ingeishia kwenye kibanda cha ukaguzi.

Mstari wa 5: Pesa za barabara

Barabara kubwa za Ufaransa ni za kulipia. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ilikuwa nyuma kwa barabara za kasi, serikali haikuwa na pesa ya kutosha, na sheria ya mwaka 1955 ikaruhusu zijengwe kwa mkataba na watumiaji walipe. Ilipofika 1970 ungeweza kutoka Lille kaskazini mpaka Marseille baharini bila kuacha barabara ya kasi. Njia ya familia hii inapita Reims, Troyes, Dijon, Bourg-en-Bresse, kisha inapanda kuelekea Chamonix, na vibanda vya malipo viko njiani.

Uswisi jirani walichagua njia nyingine. Wananchi walipiga kura mwaka 1984, na kuanzia 1985 anayetumia barabara zao za kasi analipia stika ya mwaka mzima. Ilianza na faranga 30, tangu 1995 ni 40. Ukipita siku moja ni hiyo hiyo, ukipita mwaka mzima ni hiyo hiyo. Baba alifanya hesabu zake na kuikwepa Uswisi.

Hapo ndipo mama aliposema, "Na tukipita Uswisi kwa Great St Bernard je?"

Baba akainua kichwa. "Kwa nini tupite huko?"

Mama akasema tusome mistari iliyobaki kwanza.

Mstari wa 6: Minyororo na matairi

Mwaka 1904 Mmarekani mmoja wa jimbo la New York alipata hati miliki ya minyororo ya kufunga kwenye matairi. Alikuwa ameona madereva wanazungusha kamba kwenye magurudumu ili yasiteleze kwenye tope na theluji. Akawaza kwamba kama kamba inasaidia, chuma kitasaidia zaidi. Mwaka 1934 kampuni moja ya Finland ikatoa tairi la baridi, kwanza kwa ajili ya malori. Dunia ikapata dawa mbili za theluji, lakini watu wakaendelea kusafiri bila hata moja.

Tarehe 27 Desemba 2014 theluji nzito ilishuka Savoie siku ya Jumamosi, wakati ule ule wa kupishana wanaotoka na wanaoingia. Magari kama 15,000 yakakwama. Watu wakalala kwenye kumbi za michezo na majengo ya umma yaliyofunguliwa usiku, wengine ndani ya magari yao. Wenye minyororo kwenye buti walikuwepo, ila mbele yao kulikuwa na asiye nayo, kaziba njia.

Tangu Novemba 2021 sheria ya Ufaransa inataka gari linaloingia maeneo mengi ya milimani, kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi, liwe na matairi ya baridi au libebe minyororo. Italia nayo ina masharti kama hayo kwenye barabara zake za milimani. Na kuwa nayo hakutoshi. Mtu anayefungua boksi la minyororo kwa mara ya kwanza usiku, theluji inampiga usoni, vidole vimekufa ganzi, atalia. Mama aliandika pembeni ya mstari huo: ifungwe na kufunguliwa mara tatu hapa nyumbani.

Mstari wa 7: Handaki

Sasa mama akasema.

Handaki la Mont Blanc lilianza kuchimbwa mwaka 1959, Wafaransa upande wao, Waitaliano upande wao. Wakakutana katikati Agosti 1962, na magari yakaanza kupita mwaka 1965. Urefu wake ni kilomita 11.6. Lilikuwa fahari ya Ulaya nzima.

Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na majarini liliingia kutoka Ufaransa. Ndani ya handaki madereva wa upande wa pili wakaanza kumwashia taa dereva wake, moshi unatoka. Akasimama, akashuka, moto ukalipuka, akakimbilia upande wa Italia na kupona. Waliokuwa nyuma yake hawakupona. Magari yalikuwa yamefuatana karibu karibu, hakuna nafasi ya kugeuza, na moshi ulikimbia kuliko mtu. Wengi walikutwa ndani au karibu na magari yao. Moto uliwaka zaidi ya siku mbili. Watu 39 walikufa.

Mmoja wao alikuwa mlinzi wa handaki, Mwitaliano, aliyekuwa na pikipiki. Yeye alikuwa nje salama. Akaingia kwenda kusaidia watu, na hakutoka.

Uchunguzi ulionyesha mambo ya kutia uchungu. Handaki lilikuwa moja lakini lilisimamiwa na wawili, Ufaransa na chumba chake cha kuongozea, Italia na cha kwake. Hewa ilisukumwa kwa namna iliyoulisha moto na kuusukuma moshi kwa watu. Vyumba vya kujikinga vilikuwepo, lakini havikuwa na njia ya kutokea, na havikutengenezwa kuhimili moto wa muda mrefu namna ile.

Lilifungwa mpaka 2002. Lilipofunguliwa lilikuwa jipya. Usimamizi ukawa mmoja. Kuna vyumba 37 vya kujikinga, kimoja kila mita 300 hivi, vinavyoungana na njia ya kukimbilia chini ya barabara. Mwendo una kikomo, na ni lazima kuacha angalau mita 150 kati ya gari na gari. Ukutani kuna taa za bluu za kukupimia umbali huo, dereva asibahatishe.

Njia mbadala ni ile aliyoitaja mama. Mlima wa Great St Bernard una kipita cha mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, na watu wamekivuka tangu enzi za Warumi. Karne ya 11 padre mmoja wa Aosta alijenga nyumba juu kule kwa ajili ya wasafiri waliokuwa wanakufa kwa baridi na majambazi. Watawa wakakaa, wakafuga mbwa wakubwa wa kufukua watu kwenye theluji. Mbwa mmoja wa mwanzoni mwa karne ya 19 anasifiwa kuokoa watu zaidi ya 40. Kile kipipa cha pombe shingoni ni mambo ya wachoraji tu. Mwaka 1800 jenerali mmoja wa Ufaransa alivusha hapo kama askari 40,000 kwenda kupigana Italia, wakala na kuharibu miti na vyombo vya kijiji cha chini, akaahidi kulipa. Hakulipa. Deni lilidaiwa mpaka mwaka 1984, Ufaransa ilipotoa zawadi ya kumbukumbu na wanakijiji wakalisamehe. Wakati wa baridi kipita chenyewe hufungwa kwa theluji, unapita handaki lake lililofunguliwa mwaka 1964.

Kwa hiyo huku handaki na kule handaki. Baba alilisema hilo kwa upole, bila kushangilia.

Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Hizo mita 150, wewe ukiwa umeendesha usiku kucha, saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu, utaziona?"

Hapo baba hakuwa na jibu. Kwenye barabara za Ufaransa kuna mabango yanayokumbusha dereva apumzike kila baada ya saa mbili. Ameyapita mara ngapi?

Walichokubaliana ni hiki. Hawaondoki Ijumaa usiku. Wanaondoka Jumamosi baada ya foleni ya asubuhi, wanalala Dijon, Jumapili wanamalizia wakati barabara imepungua. Maana yake hoteli ya Italia usiku mmoja watalipia bila kuulalia, na watoto watakosa siku moja ya theluji. Baba aliuma meno kwa hiyo pesa. Pasipoti ya mtoto itaombwa wiki hiyo hiyo, na isipotoka kwa wakati hakuna safari.

Na handaki? Mama alisema litapitwa, ila dereva atakuwa yeye, asubuhi, akiwa amelala vizuri. Akachukua kalamu, mbele ya mstari wa saba akaandika neno moja: mama.

Mdau, safari ndefu huwa inasifiwa kwa aliyefika haraka. Lakini yule dereva wa lori wa 1984, wale 15,000 wa 2014, yule mlinzi wa pikipiki, na wale 193 wa Zeebrugge ndio walioifanya njia ipitike. Kuwashukuru ni rahisi: soma orodha yako mpaka mwisho kabla hujawasha gari.

Wewe ungekuwa na hao wawili pale mezani ungekuwa upande wa nani, baba au mama? Dondosha maoni yako hapo chini.